Josef Masopust, Mchezaji wa Katikati

Muhula uliopita tulicheza fainali ya mabweni. Mimi hucheza katikati ya uwanja, na siku ile nilipewa kazi ya kumlinda kijana mmoja wa bweni la pili ambaye kila mtu hapa shuleni anakubali kuwa anatushinda sote kwa mpira. Kipindi cha kwanza alinizungusha kama pia. Kipindi cha pili akateguka kifundo cha mguu, lakini alikataa kutoka, akabaki pembeni akichechemea. Nilimwona, na nasikitika kusema kwamba nilifurahi. Mpira ulipomfikia nilimwendea kwa nguvu zangu zote, wala sikuutaka mpira, niliutaka ule mguu. Akabebwa nje na wenzake. Tulishinda kwa goli moja, tukaimba mpaka taa zilipozimwa. Kijana yule hakucheza tena muhula ule wote, na timu ya shule ilipokwenda kushindana na jirani zetu bila yeye, tulifungwa magoli matatu, nami nikiwa uwanjani.

Baada ya hapo mwalimu wetu wa Kiswahili alituagiza kila mmoja aandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufa. Wenzangu walichagua wafalme, wavumbuzi na watu wa dini. Mimi nilimchagua mcheza mpira wa nchi ya mbali, Josef Masopust, na sababu yake msomaji ataiona huko mbele. Kiswahili kwetu si lugha ya nyumbani, kwa hiyo nikikosea mahali naomba radhi.

Josef Masopust alizaliwa tarehe 9 Februari, 1931, katika kijiji cha Střimice karibu na mji wa Most, upande wa kaskazini wa Bohemia. Nchi yake wakati ule iliitwa Chekoslovakia, maana ilikuwa muungano wa Wacheki na Waslovakia. Mwisho wa mwaka 1992 muungano huo ulivunjika kwa amani, na siku hizi ni nchi mbili. Yeye alikuwa Mcheki. Jina lake, Masopust, katika lugha ya Kicheki ni jina la siku za kula na kucheza kabla ya kuanza mfungo wa Kwaresima, na wengi waliomwona uwanjani waliona kuwa lilimfaa.

Lakini maisha ya nyumbani hayakuwa sikukuu. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe, kama walivyokuwa wanaume wengi wa sehemu zile. Josef alipokuwa na miaka 7, mwaka 1938, Ujerumani ya Hitler iliitwaa nchi ile ya mpakani, na vita vikuu vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa amekwisha kuwa kijana wa miaka 14. Basi sehemu kubwa ya utoto wake ilipita katika nchi iliyotawaliwa na wageni. Hata kijiji alichozaliwa hakipo tena leo. Kilibomolewa miaka ya baadaye ili watu wachimbe makaa yaliyokuwa chini yake. Nafikiri ni jambo la ajabu mtu kujulikana dunia nzima na kijiji chake kisiwepo hata katika ramani.

Mpira alianza kuucheza katika timu ya mji wa Most. Mwaka 1950, akiwa na miaka 19, alichukuliwa na timu ya mji wa Teplice, ambayo haiko mbali na kwao, na huko ndiko alikoanza kucheza katika ligi kuu ya nchi. Miaka miwili baadaye ilifika zamu yake ya kutumika jeshini, kwa kuwa vijana wa nchi ile walilazimishwa na sheria. Jeshi lilikuwa na timu yake ya mpira katika mji mkuu, Praha, na vijana waliojua mpira walipelekwa huko. Timu hiyo ilibadilishwa jina mara kadhaa, mwisho mwaka 1956 ikaitwa Dukla Praha, kwa ukumbusho wa njia ya milimani iitwayo Dukla, ambako askari wengi walikufa wakipigana na Wajerumani mwaka 1944. Masopust aliingia mwaka 1952 kama kijana wa kutumika jeshini tu, lakini alikaa mpaka mwaka 1968. Miaka kumi na sita katika timu moja!

Hapa hapana budi nieleze kazi ya mchezaji wa katikati, kwa ajili ya wasomaji wasiopenda mpira. Washambuliaji hufunga magoli, nao husifiwa. Golikipa huzuia magoli, naye husifiwa au hulaumiwa. Mchezaji wa katikati ni kama mtu anayebeba maji kutoka kisimani mpaka jikoni. Chakula kikiwa kitamu, watu humsifu mpishi, na maji yakikosekana ndipo humkumbuka aliyekwenda kisimani. Hurudi nyuma kusaidia mabeki, huutwaa mpira, hupanda nao mbele, huwagawia wengine, kisha hurudi tena. Hana pumziko.

Kazi hiyo Masopust aliifanya upande wa kushoto, na upande wa kulia alikuwapo rafiki yake Svatopluk Pluskal, ambaye walicheza pamoja katika Dukla na katika timu ya taifa. Pluskal alikuwa mwenye nguvu za kuzuia, Masopust alikuwa mwenye akili ya kusonga mbele. Njia yake ya kupita na mpira ilikuwa maarufu hata ikapewa jina. Wacheki waliiita slalomu ya Masopust, kwa mfano wa watu wa nchi za theluji wanaoteleza mlimani wakipinda kushoto na kulia kati ya vijiti. Kwetu hakuna theluji, lakini kila mmoja wetu amepata kumwona mtoto aliyetumwa sokoni siku ya gulio, namna anavyojipenyeza kati ya watu na kapu kichwani bila kumgusa mtu. Ndivyo alivyopita. Hakuwa mtu wa mbio nyingi wala wa kusukumana kwa mabega. Aliinamisha mwili upande huu, mpinzani akafuata, naye akapita upande ule.

Akiwa na Dukla alicheza michezo ya ligi zaidi ya 380, na timu yake ilichukua ubingwa wa Chekoslovakia mara 8, katika miaka ya 1953, 1956, 1958, 1961, 1962, 1963, 1964 na 1966. Hata hivyo ushindi huo wote haukuifanya Dukla kupendwa na kila mtu. Ilikuwa timu ya jeshi, na serikali ya nchi ile wakati huo ilikuwa ya Kikomunisti, yenye mkono mzito. Watu wa timu nyingine walinung'unika kwamba Dukla inajichagulia vijana hodari kwa sababu tu kila kijana hupita jeshini. Kwa hiyo Masopust alizoea kucheza mbele ya watu waliomzomea, tena katika nchi yake mwenyewe. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Yeye alicheza kwao miaka mingi kabla ya kutunzwa.

Mchezo wake wa kwanza katika timu ya taifa ulikuwa mwaka 1954 dhidi ya Hungaria, ambayo siku zile ilikuwa timu ya kutisha Ulaya nzima. Chekoslovakia ilifungwa 4 kwa 1. Si mwanzo mzuri, lakini hakuachwa. Mwaka 1958 alikwenda Uswidi kwenye Kombe la Dunia. Huko wenzake waliwafunga Argentina 6 kwa 1, kisha wakatolewa na Ayalandi ya Kaskazini, nchi ndogo ambayo hakuna aliyeiogopa. Mwaka 1960 yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya mataifa ya Ulaya, na fainali zake zilikuwa Ufaransa. Chekoslovakia ilifungwa na Umoja wa Kisovyeti magoli 3 kwa bila, lakini iliwafunga wenyeji 2 kwa bila, ikashika nafasi ya tatu.

Sasa nimefika kwenye mwaka 1962, ambao ndio kiini cha habari hii. Kombe la Dunia mwaka ule lilichezwa Chile, huko Amerika ya Kusini, ng'ambo ya dunia kwa mtu wa Praha. Chekoslovakia ilipangwa pamoja na Brazili, Hispania na Meksiko, na watu wachache tu walifikiri kuwa itavuka kundi hilo. Kocha wao alikuwa Rudolf Vytlačil. Katika mchezo wa kwanza waliwafunga Hispania 1 kwa bila, zikiwa zimebaki dakika kama kumi tu.

Mchezo wa pili ulikuwa tarehe 2 Juni katika mji wa Viña del Mar, dhidi ya Brazili. Brazili ndio waliokuwa na Kombe, walilolichukua Uswidi mwaka 1958, na Pelé, aliyekuwa mtoto wa miaka 17 wakati ule, sasa alikuwa na miaka 21. Hakuna mchezaji duniani aliyeogopwa kama yeye. Katika kipindi cha kwanza Pelé aliupiga mpira kwa nguvu kuelekea goli, ukagonga mwamba, na katika kupiga kule msuli wa kinena ulimwumiza vibaya hata akashindwa kukimbia.

Msomaji akumbuke kwamba sheria za siku zile hazikuruhusu kuingiza mchezaji mwingine mahali pa aliyeumia. Timu ilikuwa na njia mbili tu: kubaki watu kumi, au kumwacha aliyeumia asimame uwanjani ingawa hafai kitu. Pelé alibaki. Walimsogeza pembeni, akawa anachechemea, na mara moja moja mpira ulimfikia.

Sasa fikiri wewe ungefanya nini. Mtu anayeogopwa na dunia nzima yuko mbele yako kwa mguu mmoja. Mpira uko miguuni pake. Ukimwendea kwa nguvu, refa hatasema neno, kwa kuwa una haki ya kuutafuta mpira. Utaupata kwa urahisi, na labda yeye hatainuka tena. Wenzako watakupigia makofi.

Mpira ulipomfikia Pelé, Masopust alisimama hatua chache mbele yake. Alimzibia njia ya kwenda golini, lakini hakumgusa. Alimwacha autulize mpira, ampe mwenzake au autoe nje. Mabeki wawili, Jan Lála na Ján Popluhár, walifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyewaamuru, wala hapakuwa na sheria ya kuwalazimisha. Mchezo uliisha bila kwa bila. Pelé hakucheza tena katika mashindano yale, lakini jambo lile hakulisahau, akalisimulia kwa heshima miaka mingi baadaye, alipokuwa ameshinda yote ambayo mcheza mpira anaweza kushinda.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu, nilifunga kitabu. Nadhani msomaji sasa anajua kwa nini.

Niendelee na habari. Chekoslovakia ilifungwa na Meksiko 3 kwa 1, lakini ilikuwa imekwisha kupata nafasi ya kuendelea. Katika robo fainali iliwafunga Hungaria 1 kwa bila, siku ambayo golikipa wao Viliam Schrojf alizuia mipira ambayo watu walidhani imekwisha kuingia. Katika nusu fainali waliwafunga Yugoslavia 3 kwa 1. Basi wale ambao hawakutarajiwa wakaingia fainali, na waliokutana nao walikuwa Brazili tena.

Fainali ilichezwa Santiago tarehe 17 Juni, 1962, mbele ya watu zaidi ya 60,000. Katika dakika ya 15 Adolf Scherer alitoa pasi kutoka upande wa kulia, na mtu mmoja aliyevaa namba 6 alitoka mbio katikati ya mabeki wa Brazili kabla hawajamwona, akaupiga mpira kwa mguu wa kushoto, ukaingia. Alikuwa Masopust. Yule mbeba maji siku hiyo alipika mwenyewe. Kwa dakika mbili Chekoslovakia ilikuwa bingwa wa dunia. Halafu Amarildo akasawazisha. Na huyu Amarildo alikuwa nani? Ndiye kijana aliyeingizwa katika timu mahali pa Pelé aliyeumia. Kipindi cha pili Zito alifunga la pili kwa kichwa. Kisha Schrojf, golikipa yule yule aliyewaokoa siku nyingine, aliuangusha mpira wa juu wakati jua likiwa machoni pake, na Vavá akafunga la tatu. Brazili wakachukua Kombe kwa 3 kwa 1.

Mtu anaweza kuuliza, je, wema wa Masopust ulimpa faida gani? Kombe hakulipata. Nami nimejiuliza sana swali hilo. Sikuona faida ya siku ile. Lakini ninaona kwamba dunia ina watu wengi waliofunga goli katika fainali ya Kombe la Dunia, na wengi wao majina yao yamesahauliwa. Waliomwachia Pelé aliyeumia nafasi ya kucheza ni watatu tu, na bado wanatajwa.

Mwisho wa mwaka ule, gazeti la France Football la Ufaransa, ambalo siku zile kila mwaka liliwauliza waandishi wa nchi za Ulaya wamchague mchezaji bora, lilimpa Masopust tuzo ya Mpira wa Dhahabu. Alipata pointi 65. Wa pili wake, mwenye pointi 53, anatuhusu sisi Waafrika. Alikuwa Eusébio, kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Lourenço Marques, mji wa Msumbiji ambao siku hizi unaitwa Maputo, na ambaye siku hizo aliichezea Benfica ya Ureno kwa sababu nchi yake ilikuwa koloni la Wareno. Mwezi wa Mei mwaka huo huo Eusébio alikuwa amefunga magoli mawili Benfica ilipoishinda Real Madrid 5 kwa 3 katika fainali ya Kombe la Ulaya. Wengi wa kwetu wangependa yeye apewe. Lakini zamu yake ilifika, maana mwaka 1965 Mpira wa Dhahabu ulikuwa wake.

Watu hawa wawili walikutana mapema mwaka 1963, wakati Benfica ilipokuja Praha kucheza na Dukla katika Kombe la Ulaya. Kabla ya mchezo kuanza Masopust alikabidhiwa tuzo yake pale uwanjani, akashikana mkono na Eusébio, kisha wakaanza kucheza. Mchezo uliisha bila kwa bila, na kwa kuwa Benfica ilikuwa imeshinda 2 kwa 1 kwao, Dukla ilitolewa. Baada ya hapo Masopust aliutia Mpira wa Dhahabu katika mfuko wake pamoja na viatu vyake, akarudi nyumbani kwa tramu kama watu wengine. Hayo aliyasimulia mwenyewe. Siku hizi tuzo hiyo hutolewa katika ukumbi mkubwa mbele ya kamera za dunia nzima. Mcheki mwingine aliyeipata baada yake ni Pavel Nedvěd, mwaka 2003, yaani ilipita miaka 41.

Nisingependa msomaji afikiri kuwa ninamwandika malaika. Mwaka 1967, Masopust akiwa na miaka 36, Dukla iliitoa Ajax ya Uholanzi ikafika nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Huko walikutana na Celtic ya Uskoti. Mjini Glasgow walifungwa 3 kwa 1. Waliporudiana Praha, Waskoti walijipanga wote nyuma kulinda ushindi wao, na Dukla ilishambulia dakika zote 90 bila kupata goli. Kipenga cha mwisho kilipopigwa, wachezaji wa Celtic walikwenda kushikana mikono na wenyeji wao, lakini Masopust alikataa mkono wao akaondoka. Alijua kwamba kwa umri wake hatapata tena nafasi ya kulipigania Kombe lile. Hasira na huzuni vilimshinda.

Lakini haikuishia hapo. Baadaye kidogo alikwenda mwenyewe kwenye chumba cha Waskoti walipokuwa wakivua viatu, akawaomba radhi. Celtic ndiyo iliyochukua Kombe mwaka huo, na katika habari za safari yao hiyo tendo hilo la Masopust husimuliwa pia. Kwangu mimi habari hii ni kubwa kuliko ile ya Pelé, na nitaeleza sababu yake.

Mwaka 1968 aliruhusiwa kwenda kucheza nje. Serikali yake haikuwaruhusu wachezaji kwenda kulipwa katika nchi nyingine wangali vijana. Iliwaachia wakati miguu imekwisha kuchoka. Alikuwa amecheza michezo 63 katika timu ya taifa na kufunga magoli 10, naye alikuwa na miaka 37. Alikwenda Ubelgiji, katika timu ya Crossing Molenbeek ya jirani na Brussels, ambayo ilikuwa daraja la pili. Huko alicheza na kufundisha pia, na mwaka 1969 timu ile ilipanda daraja la kwanza. Hivyo ndivyo alivyoanza kazi ya ukocha, akiwa bado na viatu miguuni.

Alirudi kwao, na tangu mwaka 1973 mpaka 1976 aliifundisha Dukla, timu yake ya zamani. Kisha akaenda Brno, mji wa pili kwa ukubwa katika nchi ya Wacheki, kufundisha timu iliyoitwa Zbrojovka, ambayo jina lake ni la kiwanda cha silaha cha mji ule. Timu hiyo haikuwa imepata ubingwa hata mara moja. Alikuwa naye mshambuliaji hodari Karel Kroupa, na vijana wengine ambao hawakuwa na sifa kubwa. Mwaka 1978 Zbrojovka Brno ikawa bingwa wa Chekoslovakia. Mpaka leo huo ndio ubingwa pekee ambao timu ile imepata. Masopust, aliyechukua ubingwa mara nane akiwa na jeshi nyuma yake, sasa aliupata akiwa na watu wa kiwandani, na sidhani kama kuna aliyenung'unika.

Baada ya hapo alirudi Ubelgiji kuifundisha timu ya Hasselt, na kuanzia mwaka 1984 mpaka 1987 akawa kocha wa timu ya taifa ya Chekoslovakia. Kazi hiyo haikumwendea vizuri. Timu ilikosa kwenda Kombe la Dunia la mwaka 1986 kule Meksiko, na kocha ambaye jina lake lilikuwa kubwa kuliko majina ya wachezaji wake wote aliona kuwa jina halifungi goli. Mchezaji wa katikati aweza kurudi nyuma mwenyewe akautafuta mpira. Kocha hukaa kando, na mikono yake haina kazi ila kuikunja. Baada ya hapo alisafiri mbali zaidi, mpaka Indonesia, akafundisha vijana wa huko kabla ya kurudi Praha.

Uzee wake ulikuwa wa heshima. Waliomzomea zamani kwa ajili ya jezi ya jeshi walizeeka pamoja naye, na wajukuu wao walimjua kama mtu wa nchi nzima. Mwaka 2004 Pelé alipotakiwa kuandika majina ya wachezaji bora waliokuwa hai, aliliandika jina la Masopust. Josef Masopust alifariki Praha tarehe 29 Juni, 2015, akiwa na miaka 84. Sanamu yake imesimama karibu na uwanja wa Juliska, ambako Dukla huchezea, nayo inamwonyesha akiwa na mpira. Katika mji wa Most, karibu na pale kilipokuwa kijiji chake kilichobomolewa, uwanja wa mpira umepewa jina lake.

Sasa nimalizie deni langu kwa msomaji. Habari ya Pelé ilinitia aibu, lakini haikunisaidia, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwisha kukosa. Aliyefanya vizuri tangu mwanzo ni mfano mwema kwa yule ambaye bado hajakosa. Habari ya Waskoti ndiyo iliyonisaidia. Mtu mwenye Mpira wa Dhahabu nyumbani alikosa mbele ya watu, na siku ile ile alikwenda kwa miguu yake mpaka mlango wa aliowakosea. Mimi nilikuwa nimepitisha muhula mzima.

Jumamosi iliyopita nilikwenda bweni la pili. Nilimkuta kijana yule ameketi nje kwenye benchi, akisafisha viatu vya mpira ambavyo hajavivaa kwa miezi mitatu. Nilimwambia kwamba sikuutaka mpira siku ile, nami namwomba anisamehe. Alinyamaza kwa muda, akiendelea kupiga brashi, hata nikafikiri atanifukuza. Kisha akasogea kunipisha nikae, akaniuliza kama ni kweli, kama alivyosikia kwa wenzake wa darasa letu, kwamba ninaandika habari za mcheza mpira wa Ulaya ambaye hakuna amjuaye. Nikamweleza yote, tangu kijiji cha wachimba makaa mpaka Santiago. Alipenda zaidi habari za Eusébio.

Daktari amesema anaweza kuanza kukimbia muhula ujao. Mwalimu wa michezo ametupanga sote wawili katika timu ya shule, yeye mbele na mimi katikati nyuma yake. Kazi yangu itakuwa kumpelekea mpira.